Kabla ya kulipia Subaru, itazame taa hii

KAMPALA – Dereva wa Subaru Impreza anaingia kona ya kushoto kwa kasi, barabara imelowa. Anakata usukani, lakini pua ya gari inazidi kwenda mbele, kuelekea upande wa magari yanayokuja. Tairi za mbele zimeishiwa mshiko. Akizidi kukata usukani, zitateleza zaidi.

Gari lenye mfumo wa kudhibiti mwelekeo humsaidia hapo. Sensa ya usukani huieleza kompyuta dereva anataka kwenda wapi. Nyingine hupima gari linageuka kiasi gani hasa. Majibu yakipishana, kompyuta hupunguza nguvu ya injini na kubana breki ya gurudumu la nyuma lililo upande wa ndani wa kona, yaani la kushoto. Gari huvutwa upande huo, kama mtumbwi unavyogeuka kasia likizuiwa majini upande mmoja. Kasi ikipungua, tairi za mbele hushika tena.

Bosch na Mercedes-Benz waliuingiza mfumo huu sokoni mwaka 1995. Subaru huuita VDC, Toyota VSC. Japani ilianza kuulazimisha kwa aina mpya za magari ya abiria Oktoba 2012. Sheria ya Uganda ya 2018 inazuia kuingiza gari lililotimiza miaka 15, lakini yaliyoingia zamani bado yanauzwa. Hivyo magari mawili yanayofanana kwa sura, moja linaweza kuwa na mfumo na jingine likaukosa.

Kwa mfanyabiashara anayezunguka bondi za Nakawa, kipimo cha kwanza ni bure. Fungua swichi kabla ya kuwasha injini: taa yenye picha ya gari linaloteleza iwake, kisha izimike injini ikishawaka. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu au umezimwa. Isipowaka kabisa, huenda gari halina mfumo huo, au taa imeharibika. Mwite fundi kabla ya kulipa. Akague pia tairi, kwani zikiwa za saizi tofauti huidanganya kompyuta.

Hata mfumo ukiwa mzima, hautengenezi mshiko. Hutumia ule uliopo. Tairi kipara na mwendo wa kupita kiasi vitalitoa gari barabarani kabla halijafika Busia wala Mutukula.