Jumamosi Hii, Twende Pujini

Jumamosi ikikukuta Madungu huna kazi, usikae barazani ukihesabu wapitao. Pakia watoto kwenye baiskeli, mshike njia ya Pujini, yapata kilomita 10 kutoka Chake Chake. Huko yako magofu ya boma la karne ya 15, boma la Mkama Ndume. Jina hilo maana yake ni mwenye kuwakama wanaume. Wazee husimulia kuwa aliwalazimisha watu kubeba mawe huku wakijiburura kwa makalio. Kipo na kisima, ambacho husemwa alikigawa kwa ukuta ili wake zake wawili wasionane: mmoja aliteka kwa ndoo na kamba, mwingine alishuka ngazi.

Kisha teremkeni hadi penye mikoko, mle muhogo wenu kwa upepo wa bahari. Lakini jiwe la watu msichukue hata moja; mvua na mizizi zinatosha kubomoa.

Tazama basi: kuta zimeanguka, ukali wake ungali unasimuliwa. Je, sisi tulio wakubwa nyumbani, watoto wetu watatusimulia kwa lipi?