Ngoma: Neno la Tiba Lililobaki Nje ya Chuo Kikuu

Mwanafunzi wetu anapotafsiri kutoka Kifaransa habari za ibada ya jadi ya kuwatibu wagonjwa, mara nyingi huandika "sherehe ya uponyaji". Sarufi haina kosa, lakini jambo limepotoshwa. Sherehe ni ya harusi au ya kupokea shahada. Na neno uponyaji, hapa Bukavu, humpeleka msikilizaji moja kwa moja kwenye mkutano wa maombi. Kiswahili kina neno la tangu zamani, nalo ni ngoma.

Ngoma ni chombo kinachopigwa, ni mchezo unaochezwa kwa kukifuata, tena ni mkutano wenyewe. Katika kitabu alichokiita kwa neno hilohilo mwaka 1992, mwanaanthropolojia John Janzen, aliyefanya utafiti Kinshasa, Dar es Salaam, Mbabane na Cape Town, alieleza tiba inayomkusanyia mgonjwa watu, wakamwimbia, na ambamo aliyepona huweza kuwa mganga wa wengine.

Tazama huko pwani. Kitenzi cha kupunga pepo ni kilekile cha kupunga upepo. Katika ngoma hiyo pepo huulizwa jina lake na haja yake, naye hujibu kwa kinywa cha mgonjwa mbele ya jamaa. Hivyo mume, wakwe na majirani husikia malalamiko ambayo mgonjwa asingethubutu kuyatamka kwa sauti yake mwenyewe. Anayeamini pepo na asiyeamini wataafikiana, nadhani, kwamba neno limesemwa na waliohusika wamelisikia. Kwetu Bushi, kama kwa jirani zetu wa Rwanda, ibada ya Lyangombe nayo ilimwingiza mtu katika udugu mpya, nje ya ule wa damu.

Msamiati wa Bukavu una ajabu yake. Mganga wa pwani, kwa watu wengi, ni mtu wa mizizi na hirizi. Munganga wetu ni tabibu wa hospitali, na yule wa jadi tunamwita mufumu. Hata filamu ya mwaka 2025 kuhusu Daktari Denis Mukwege iliitwa Muganga. Basi neno limekwisha kuvaa koti jeupe. Ngoma yenyewe haikualikwa.

Dar es Salaam, chuo kikuu kilianzisha kitengo cha utafiti wa tiba ya jadi mwaka 1974, kikawa taasisi kamili huko Muhimbili mwaka 1991. Kazi kubwa imekuwa juu ya mimea. Ni kazi ya heshima, kwani jani hupimika katika maabara. Lakini anayemchukulia mganga majani yake na kumwachia ngoma yake amechukua nusu ya tiba. Panzi, ambako wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Kiinjili barani Afrika hufanyia mazoezi, ilikaribia nusu ya pili kwa njia nyingine: tangu mwaka 2015 wanawake waliotendewa ukatili wametunga na kurekodi nyimbo zao pamoja na mtaalamu wa tiba ya nafsi. Hakuna aliyeita kazi hiyo ngoma, ingawa ina sehemu zake nyingi.

Haya yanatugusa sisi wenyewe. Madarasani wamo waliotoka Shabunda, Fizi na Kalehe, kila mmoja na vita vyake, na mwezi Februari 2025 vita viliingia mjini humu, M23 ilipouteka. Desturi ya vyuo vikuu penye msiba ni dakika moja ya kimya, kisha somo huendelea. Ngoma hudai kinyume: aliyeumia aseme, na waliopo waitikie.

Kwa tafsiri zetu, basi, napendekeza "ngoma ya tiba" pale inapotajwa ibada ya jamii nzima, na "ngoma ya pepo" pale tu pepo anapoitwa kwa jina. Ibada zenye siri za kuingizwa, kama ile ya Lyangombe, zibaki na majina zilizopewa na wenyewe.