Dawa ya Maji ya Penisilini: Fuata Siku, Usifuate Chupa

Wanachama,

Kila ukaribiapo msimu wa kuchuma, ofisi huulizwa habari za majamvi, mizani na bei. Safari hii tumeona vyema tutoe nafasi kwa jambo jengine ambalo laweza kumkosesha mtu msimu mzima, nalo ni chupa ya dawa ya maji ya penisilini apewayo mtoto, au mtu mzima asiyeweza kumeza vidonge, kisha ikatumiwa ndivyo sivyo.

Tunayo sababu ya kuandika sasa. Wengi wetu huhamia dago kwa wiki kadhaa pamoja na watoto. Huko hakuna jokofu, vijiko ni vile vile vya chai, na mama aliyeinamia kuchambua makonyo hawezi kukaa akitazama saa. Mtoto akipatwa na maradhi ya sikio, koo au kifua hupelekwa kituo cha afya, akapewa chupa, na tangu hapo kazi yote imo mikononi mwa wazazi.

Kwanza tuijue dawa yenyewe. Penisilini ni jina la ukoo, si la dawa moja. Amoksilini, ambayo ndiyo watoto hupewa zaidi, ni ya ukoo huo. Kadhalika ampisilini na kloksasilini, na ile penisilini yenyewe ya kumeza. Asili yake ni ukungu, kama ule uotao juu ya mkate uliolala. Alexander Fleming aliuona ukungu huo mwaka 1928 huko London ukiua vijidudu ndani ya kisahani. Mwaka 1941, katika mji wa Oxford, polisi mmoja jina lake Albert Alexander, aliyekuwa amejaa usaha usoni, alitibiwa kwa dawa hiyo, naye ni katika watu wa mwanzo kabisa kuipata. Siku chache tu akapata nafuu, homa ikashuka, akaanza kula. Lakini dawa iliyokuwako ilikuwa haba mno, hata madaktari wakawa wanachuja mkojo wake ili waipate tena ile iliyotoka mwilini. Ikaisha. Maradhi yakarudi, na mwezi wa Machi akafa.

Tumeisimulia habari hiyo kwa kuwa ndiyo inayotokea majumbani, ila sisi twaikatisha dawa kwa hiari yetu, nayo ipo tele.

Wapo wanaoidharau dawa ya maji, wakaona kuwa penisilini ya kweli ni ya sindano. Si ajabu. Zama za buba, kati ya mwaka 1952 na 1964, Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliwatibu watu wapatao milioni 50 katika nchi nyingi za joto, na aghalabu mtu alipona kwa sindano moja. Lakini sindano ile ilitengenezwa ikae mwilini siku nyingi. Dawa ya kumeza haikai. Baada ya saa chache mwili umekwisha kuitoa, ndiyo maana hupewa mara kwa mara kwa siku kadhaa. Mtu anayeinywa mara moja kwa siku badala ya mara tatu, vijidudu vyake hulala njaa asubuhi na kula jioni.

Sasa tuje kwenye hesabu, na hapa tunaomba msomaji asiwe na haraka, kwani ndipo wengi wanapokosea.

Chukua chupa ya mililita 100, ambayo ni ya kawaida. Tuseme mtoto ameandikiwa mililita 5, mara tatu kwa siku, kwa siku 5. Tano mara tatu ni 15, mara siku 5 ni 75. Chupani hubaki mililita 25. Sasa mtoto mwengine ameandikiwa kipimo kile kile kwa siku 7: jumla yake ni 105. Chupa moja haimtoshi. Ukitoa na ile iliyomwagika kifuani wakati mtoto akipigana na kijiko, dawa itakwisha siku ya sita. Huyu wa kwanza wazazi humnywesha mpaka chupa iishe, au huiweka ile 25 kwa ajili ya mdogo wake. Yule wa pili huachishwa kwa kuwa chupa imekwisha, na hakuna anayerudi kituoni kuomba ya pili. Wote wawili wamefuata chupa. Kiwanda kimejaza chupa bila ya kumjua mtoto wako. Aliyemjua ni daktari, naye ameandika siku. Kabla hujaondoka dirishani pa dawa, zidisha mwenyewe: kipimo, mara ngapi, siku ngapi. Ikiwa chupa haitoshi, sema pale pale.

Jambo la pili lenye kutudanganya ni nafuu. Mtoto mwenye koo huweza kuchangamka siku ya pili au ya tatu, akataka kwenda kucheza, na wazazi wakaona kazi imekwisha. Karafuu ya siku ya pili juani nayo huonekana imekauka kwa juu. Anayeitia guniani siku hiyo ajua itakavyomtoka. Koo si jambo la kuchezea. Maradhi ya koo yaletwayo na kijidudu kiitwacho streptokoki, yakikosa kutibiwa sawasawa, huweza kuleta baadaye homa ya kuvimba viungo ambayo huingia katika moyo na kuziharibu vali zake. Mtoto akapona koo, na akiwa kijana wa miaka ishirini akawa hawezi kupanda kilima, seuze mkarafuu. Kwa ajili hiyo koo la namna hiyo aghalabu huandikiwa penisilini ya kumeza kwa siku 10 kamili. Maradhi mengine huandikiwa siku 5 au 7, kila moja na hukumu yake. Siku za jirani si siku zako.

Kuhusu kipimo. Mililita 5 huitwa kijiko cha chai, na neno hilo limeleta balaa, maana vijiko vya chai vya majumbani havilingani: chengine huchukua mililita 3, chengine hupita 7. Sisi tunaogombana kwa nusu kibaba katika pishi tusikubali kijiko cha kukisia kwa mtoto. Omba kijiko cha kupimia, au kikombe kidogo cha plastiki chenye mistari, au bomba lisilo na sindano, ambalo kwa mtoto mchanga ndilo bora. Mwagie dawa pole pole upande wa shavu, usimpigie kooni akapaliwa. Na tazama namba iliyo juu ya chupa. Amoksilini ya watoto hutengenezwa kwa nguvu mbalimbali: ipo yenye miligramu 125 katika kila mililita 5, na ipo yenye 250. Chupa zaweza kufanana kama pacha. Aliyezoea ile ya kwanza akipewa ya pili na kupima kama alivyozoea, amempa mtoto dawa maradufu. Kwa hiyo kipimo cha mwaka jana kisitumiwe mwaka huu, na mtoto naye ameongezeka uzito.

Dawa hii aghalabu hutoka ikiwa unga, na huchanganywa na maji siku ya kuanza. Likubaliwe, muombe mtoa dawa aichanganye mbele yako. Ikibidi uifanye nyumbani, chemsha maji, yaache yapoe kabisa. Gonga chupa ili unga ulioganda chini uachane, tia maji kama nusu, tikisa vizuri, kisha ongeza mpaka mstari uliochorwa. Povu likishuka, huenda ukaona maji yamepungua chini ya mstari, ongeza yafike. Asiyefika mstari ana dawa kali, aliyeupita ana dawa hafifu. Andika tarehe juu ya karatasi ya chupa siku hiyo hiyo.

Kisha itikise kila mara kabla ya kumimina, si siku ya kwanza tu. Dawa haiyeyuki yote, huzama. Asiyetikisa humpa mtoto maji matamu siku za mwanzo, wakati maradhi yana nguvu, na mwisho wa chupa humpa uji mzito wenye dawa nyingi.

Mara tatu kwa siku maana yake si chai, chakula cha mchana na chakula cha usiku. Maana yake ni kila baada ya saa nane au karibu yake: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Mara mbili ni kila saa kumi na mbili. Amoksilini hainazo fitina na chakula. Yaweza kunywewa kabla au baada. Ile penisilini ya kumeza yenyewe hutaka tumbo tupu, nusu saa kabla ya kula au saa mbili baada yake. Ukisahau, mpe ukumbukapo, ila ikiwa wakati wa pili umekwisha karibia, liache lililopita wala usimpe mara mbili kwa pamoja. Mtu mzima anayetumia dawa hii mwezi wa Ramadhani asijipangie mwenyewe kuzibana zote baina ya futari na daku. Mgonjwa amepewa ruhusa, na aseme na daktari wake. Pengine ipo njia ya mara mbili.

Kuhifadhi ndiko kunakotushughulisha zaidi huko madagoni. Dawa ikiisha kuchanganywa hupungua nguvu siku kwa siku, na joto huiharakisha. Amoksilini nyingi hudumu siku 14 katika jokofu, nyengine 7. Karatasi ya chupa ndiyo yenye kauli. Isiwekwe penye barafu ikaganda. Penye jokofu kwa jirani, iwekwe huko, madhali ni karibu. Pasipo na jokofu, mweleze mtoa dawa kabla hajaichanganya, naye atasema kama dawa hiyo yastahimili nje na kwa siku ngapi. Ipo amoksilini iliyochanganywa na klavulaniki, hiyo haistahimili kabisa. Dawa isiachwe dirishani, wala karibu na jiko, wala pembeni mwa jamvi juani, ambapo tumeiona kwa macho yetu.

Kwa watu wa dago ipo habari njema. Kwa kichomi cha mtoto aliye chini ya miaka mitano, Shirika la Afya Duniani sasa hupendekeza vidonge vya amoksilini vyenye kuyeyuka. Kidonge hutiwa katika maji safi kidogo, au maziwa ya mama, kikayeyuka, mtoto akanywa papo hapo. Hakihitaji jokofu wala kupimwa kwa kijiko. Ukipewa vidonge usidhani umenyimwa dawa ya maji. Viulizie.

Sasa khatari yenyewe. Wako watu ambao miili yao haiikubali penisilini. Ukiulizwa kituoni, au hata usipoulizwa, sema kama mgonjwa amewahi kutokwa na vipele, kuvimba au kubanwa na pumzi baada ya dawa yoyote ya ukoo huo. Sema pia kama ana pumu au maradhi ya figo, na dawa nyengine anazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda. Akinywa, kisha midomo, ulimi au uso ukavimba, au akawa anakoroma kifuani, au akaishiwa nguvu ghafla, asipewe tena hata tone. Apelekwe hospitali saa ile ile, kwa gari, kwa pikipiki, kwa lolote lililopo. Usingoje kukuche. Kuharisha kidogo ni jambo la kawaida, na mtoto apewe vya kunywa kwa wingi; kuharisha sana au choo chenye damu kurudishwe kwa daktari. Kadhalika mtoto asiyepata nafuu baada ya siku mbili tatu, na yule asiyeweza kunywa au ambaye mbavu zake zaingia ndani avutapo pumzi, huyu wa mwisho mara moja.

Penisilini haiui virusi. Mafua na vikohozi vingi ni vya virusi, na malaria nayo si kazi yake. Ukienda dukani ukaomba chupa kwa ajili ya mafua, umenunua kuharisha, na umevifundisha vijidudu vyengine vya mwilini kuizoea dawa. Fleming mwenyewe alionya juu ya jambo hilo mwaka 1945, siku alipohutubia kwa ajili ya Tuzo ya Nobel. Kwa mwaka 2019 peke yake, watafiti walikadiria kuwa watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa vijidudu vilivyokwisha kuzizoea dawa.

Zikibaki mililita 25 baada ya siku zilizoandikwa, kama katika mfano wetu wa kwanza, zisiwekwe kwa mdogo wake, wala zisimwagwe kisimani. Mwanachama aendaye mjini kupeleka karafuu na aichukue chupa hiyo, airudishe katika kituo alikoipata.

Katibu