Lugha ya Utabiri wa Hali ya Hewa Katika Siku za Joto la Pwani

Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi, kaskazi inapolegea na masika bado hayajaingia, pwani ya kutoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo hadi Saadani huwa na siku za joto zinazofanana mno. Asubuhi upepo ni hafifu. Mchana joto hufika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi. Alasiri pengine wingu moja hukusanyika na kumwaga mvua ya robo saa juu ya kijiji kimoja, na kijiji cha pili kisipate hata tone. Utabiri wa saa 24 unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kwa siku za namna hii huwa mfupi: mawingu kiasi, mvua nyepesi katika maeneo machache na vipindi vya jua, upepo wa pwani kutoka kaskazini mashariki, bahari yenye mawimbi madogo hadi makubwa kiasi. Katika makala haya tunakusudia kuyachungua baadhi ya maneno hayo, kwa kuwa wapo watu ambao kazi yao ya siku nzima hutegemea namna wanavyoyafahamu: mwenye majaruba ya chumvi, mwanamke wa Mlingotini aliyeanika mwani, na mvuvi.

Tuanze na "maeneo machache". Mtabiri anakusudia mahali: mvua itanyesha hapa na pale, wala hasemi ni wapi. Msikilizaji wa kawaida hufahamu kuwa mvua itakuwa chache, yaani haina madhara. Lakini robo saa ya mvua yatosha kuyayeyusha machweo ya siku nyingi katika jaruba la chumvi. Kwa maoni yetu "mvua za hapa na pale" ni fasaha zaidi, na kila mtu analijua.

Neno "kiasi" lina matata makubwa zaidi. Katika "mawingu kiasi" halina tatizo. Katika "mawimbi makubwa kiasi" sikio hulishika neno la kwanza au la pili, kila mtu kwa hofu yake au kwa njaa yake. Katika kipimo cha kimataifa cha hali ya bahari, daraja hilo la kati ni mawimbi ya mita 1.25 hadi 2.5. Kwa meli hayo ni mambo ya kawaida. Kwa ngalawa, mita 2 si "kiasi" hata kidogo. Ndiyo maana twafurahi kuona kwamba pale Mamlaka inapotoa angalizo, hutaja kipimo chenyewe: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Nambari haihitaji mfasiri. Twapendekeza nambari itajwe hata siku isiyo na angalizo, na badala ya "makubwa kiasi" pasemwe "ya wastani".

Sasa joto lenyewe. Kiswahili cha kila siku hutumia "joto" kwa maana mbili: hali ya kuwa moto, na kipimo chake. Hapo ndipo lilipozaliwa "jotoridi", lililoungwa kwa "joto" na kipande cha "baridi", na pia "halijoto". Yote mawili yamo vitabuni, na hatuoni sababu ya kuyagombanisha. Upungufu uko kwingine. Mtu wa Bagamoyo hakerwi na nyuzi 32 peke yake. Bara wapo wanaopata nyuzi hizo bila kulalamika sana. Kinachomkera ni kwamba hewa imejaa mvuke wa bahari, jasho halikauki, na mwili hauna njia ya kujipoza. Wataalamu wanayo hesabu inayounganisha joto na unyevuanga: katika jedwali linalotumiwa Marekani, nyuzi 32 pamoja na unyevuanga wa asilimia 65 huhisiwa na mwili kama nyuzi 39. Jambo hili hutafsiriwa kwa maelezo marefu kama "joto linalohisiwa na mwili". Lakini watu wa pwani wana neno lake tangu zamani, nalo ni "fukuto". Likisemwa, hapana anayeuliza maana. Twaona lifanywe istilahi, na hesabu yenyewe iitwe "kipimo cha fukuto". Mwenzetu mmoja alipinga kwamba neno hilo ni la mtaani mno. Sisi tunaliona hilo kuwa sifa yake.

Limebaki suala la usiku, ambalo twaliona ndilo zito. Kwa hesabu ya mapokeo ya Waswahili wa pwani, kama ilivyo kwa Kiislamu, siku huanza jua linapokuchwa. "Usiku wa Ijumaa" kwa mzee wa Bagamoyo ni ule unaotangulia Ijumaa, ambao kijana aliyesoma kalenda ya ukutani atauita usiku wa Alhamisi. Basi taarifa ikisema upepo utazidi "usiku wa Ijumaa", wawili waliomo katika chombo kimoja waweza kuielewa kwa tofauti ya saa 24 kamili, na wote wawili wakawa sahihi. Tofauti hiyo haina hasara kwa aliyelala nyumbani. Kwa anayekwenda kuvua kwa taa wakati wa giza la mwezi ni tofauti ya kutoka au kutotoka. Dawa yake imo katika lugha tayari: "usiku wa kuamkia Ijumaa". Ni maneno manne mahali pa matatu, na twaomba watangazaji wasiyafupishe hata kama muda umewabana.