Jicho la Silikoni Linalostahimili Mionzi

Askari anayelinda gati la bandari ya Mocímboa da Praia usiku wa manane, akikunjua kiganja cha mkono wake, hupitiwa na chembe moja au mbili za mionzi kutoka angani katika kila sekunde. Hazioni, hazisikii, wala hazimwachii alama. Chembe hizo huitwa myuoni. Huzaliwa juu sana, wakati mionzi itokayo mbali katika ulimwengu inapoigonga hewa ya dunia, nazo hushuka mpaka usawa wa bahari zikipenya mabati, mbao na mwili wa mwanadamu. Mke wake na watoto waliolala nyumbani hupitiwa nazo vile vile. Kwa kiasi hicho si jambo la kumtia mtu hofu, kwani ni sehemu ya mionzi ya asili ambayo viumbe wameishi nayo tangu kale.

Lakini kitu kisichoonekana kinajulikanaje kuwa kipo? Na chombo kinachowekwa mahali ambapo chembe kama hizo hunyesha kwa wingi mno kinadumu kwa namna gani? Majibu ya maswali hayo mawili yamo katika kitu kimoja, nacho ni silikoni.

Mchanga Uliogeuzwa Jicho

Silikoni si kitu kigeni. Katika gamba la dunia ni ya pili kwa wingi baada ya oksijeni, na mchanga mwingi unaokanyagwa ufukweni una silikoni ndani yake. Ikisafishwa sana na kugeuzwa kuwa fuwele, hutengenezwa paneli za umeme wa jua, vipuri vya kompyuta na kamera iliyomo ndani ya simu ya mkononi.

Ili kuzitambua chembe za mionzi, wataalamu huchukua kipande cha fuwele hiyo, chembamba kuliko nusu ya milimita, na kukigawa katika vyumba vidogo mno viitwavyo pikseli. Mfano wake ni mkeka uliofumwa kwa miraba. Chembe inapopenya mraba mmoja huzibandua elektroni kutoka katika atomi za silikoni. Nguvu ya umeme iliyotegwa hapo huzivuta elektroni hizo hadi ukingoni, nayo kompyuta hutambua papo hapo ni mraba upi uliopitiwa. Mikeka kadhaa ikipangwa mmoja juu ya mwingine, njia nzima ya chembe hujulikana, kama vile nyayo zinavyomwongoza askari doria kumjua aliyepita na alikoelekea.

Hapo ndipo taabu inapoanza. Fuwele ni mpangilio wa atomi uliokaa sawasawa kama gwaride. Chembe yenye nguvu ikiigonga atomi, huweza kuisukuma kutoka katika mstari wake. Nyuma hubaki pengo, na atomi iliyosukumwa hujibana mahali pasipo pake. Mapengo yakizidi, mambo matatu hutokea. Umeme huvuja hata wakati ambapo hakuna chembe iliyopita. Elektroni hunaswa njiani kabla ya kufika ukingoni. Tena huhitajika nguvu kubwa zaidi ya umeme ili kazi ile ile ifanyike. Jicho halipofuki kwa siku moja. Huingia ukungu kidogo kidogo.

Njia ya Kwanza: Kuikwepa Mvua

Kutoka Mocímboa da Praia, mtu akifuata pwani hii hii kuelekea kaskazini, akivuka mto Ruvuma na kuimaliza pwani yote ya Tanzania, atafika Malindi nchini Kenya. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita 900 hivi. Kaskazini ya Malindi, huko Ngomeni, kipo kituo cha anga kinachoendeshwa na Waitalia. Kutoka katika jukwaa lililosimikwa baharini hapo, tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo mbinguni. Ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Vitambuzi vyake vilitumia gesi, kwa maana wakati huo silikoni ilikuwa bado kushika nafasi hiyo.

Silikoni ilikuja baadaye. Tarehe 23 Aprili 2007 Italia ilirusha kutoka India setilaiti iitwayo AGILE, na moyo wa chombo hicho ulikuwa matabaka ya silikoni yaliyogawanywa kwa mistari myembamba, ndugu wa pikseli. Iliizunguka dunia mara 14 au 15 kwa siku karibu kabisa na mstari wa ikweta, na habari ilizokusanya ilizishusha katika kituo cha Malindi. Katika mizunguko hiyo ilipita pia katika anga ya kaskazini ya Mocímboa da Praia.

Njia ya ikweta ilikuwa na sababu. Dunia imezungukwa na nguvu ya sumaku, na mahali fulani juu ya Amerika ya Kusini na bahari ya Atlantiki kinga hiyo ni dhaifu, hata mionzi hushuka chini zaidi. Setilaiti iendayo karibu na ikweta hupita sehemu kubwa ya hatari hiyo kwa pembeni, na hapo hapo ikweta kinga ya sumaku dhidi ya mionzi ya mbali ni kubwa zaidi. Basi silikoni ya AGILE ililindwa kwa kuchaguliwa njia. Mwaka 2010 iligundua kwamba Nebula ya Kaa, iliyodhaniwa kuwa na nuru isiyobadilika, huripuka ghafla kwa miale ya gama. Ilifanya kazi zaidi ya miaka 16, kisha ikarudi na kuungua hewani Februari 2024.

Njia ya Pili: Kusimama Katikati Yake

Zipo kazi ambazo haziruhusu kupita pembeni. Katika maabara ya CERN, karibu na mji wa Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ipo pete iliyochimbwa chini ya ardhi yenye mzunguko wa kilomita 27. Ndani yake mafungu ya protoni huendeshwa kwa mwendo unaokaribia ule wa nuru, na kukutanishwa uso kwa uso hadi mara milioni 40 kwa sekunde. Kutokana na migongano hiyo, tarehe 4 Julai 2012 ilitangazwa kupatikana kwa chembe iitwayo Higgs, iliyokuwa ikitafutwa kwa karibu nusu karne.

Ili kuona kilichozaliwa katika mgongano, jicho halina budi kuwa karibu. Katika mtambo uitwao ATLAS, tabaka la silikoni lililoongezwa mwaka 2014 liko sentimita 3.3 tu kutoka katika njia ya protoni. Kila chumba chake kina upana wa milimita 0.05 na urefu wa milimita 0.25. Pamoja na matabaka ya zamani, mtambo huo ulipata vyumba milioni 92. Hapo mvua ya mionzi haikwepeki, nao wataalamu wamebuni njia za kuistahimili.

Ya kwanza ni baridi. Umeme unaovuja hupungua kwa nusu kila joto linaposhuka kwa nyuzi 7 hivi, kwa hiyo silikoni huwekwa chini ya nyuzi 0. Jambo la kustaajabisha ni kwamba joto la kadiri, kwa muda mfupi, huziba sehemu ya majeraha. Lakini likiendelea kwa miezi, huyazidisha. Ndiyo maana vitambuzi huhifadhiwa katika baridi hata mtambo ukiwa umezimwa. Wachuuzi wa samaki wa Mocímboa da Praia hawahitaji kuelezwa zaidi: barafu ni ya saa zote, si ya saa ya kuuza tu.

Ya pili ni kufupisha safari ya elektroni. Mwaka 1997 Sherwood Parker na wenzake walieleza namna ya kutoboa vijishimo ndani ya silikoni na kuzisimika nguzo za umeme humo, badala ya kuuweka umeme juu na chini tu. Ni sawa na kuchimba visima katikati ya mtaa ili akina mama wasibebe maji kutoka mbali; safari ikiwa fupi, maji yamwagikayo ni machache. Aina hiyo ilitumika katika sehemu ya tabaka lile la mwaka 2014.

Ya tatu ni kupanga zamu. Mtambo wa CERN unatayarishwa kwa kazi nzito zaidi, inayotazamiwa kuanza mwaka 2030, na ATLAS itapewa vyumba karibu bilioni 5. Tabaka la ndani kabisa litapokea, katika kila sentimita ya mraba, chembe zenye hesabu ya tarakimu 1 ikifuatiwa na sifuri 16. Waliolibuni hawakusema kwamba halitaumia. Wamelitengeneza liweze kutolewa katikati ya muda wa kazi, na jipya kuwekwa mahali pake.

Faida Zake Majumbani

Msomaji huenda akauliza elimu hii inamfaa nini mtu wa kawaida. Kutokana na vitambuzi vya CERN vilitokea vipande viitwavyo Medipix, vinavyohesabu miale mmoja mmoja, na mwaka 2018 huko New Zealand vilitumika kupiga picha ya kwanza ya eksirei yenye rangi, iliyoonyesha mwili wa binadamu kwa pande zote. Ndugu zao, Timepix, tangu mwaka 2012 wamepima kiasi cha mionzi katika kituo cha anga ambamo wanaanga huishi. Kwa familia, jambo la kukumbuka ni hili: eksirei ya hospitali ni msaada mkubwa inapohitajika, lakini mama mwenye mimba, au anayedhani kuwa nayo, amweleze mtumishi kabla ya kupigwa picha.

Wala elimu hii si ya Ulaya peke yake. Shule ya Fizikia ya Afrika, inayowakusanya vijana wa bara hili kwa wiki kadhaa, ilianza mwaka 2010 nchini Afrika Kusini na mwaka 2016 ilifanyika Kigali. Mtoto wa askari anayependa hesabu na fizikia asiambiwe kwamba masomo hayo si ya watu kama yeye.

Mocímboa da Praia inafahamu maana ya kuumia na kuendelea. Tarehe 5 Oktoba 2017 vituo vyake vya polisi vilishambuliwa. Agosti 2020 mji na bandari vikatekwa. Na tarehe 8 Agosti 2021 majeshi ya Msumbiji na Rwanda yakavikomboa. Maisha ya watu hayalinganishwi na kipande cha fuwele. Hata hivyo mafunzo ya mafundi wa silikoni yanafaa popote penye lindo: penye hatari inayokwepeka, ikwepwe, penye wajibu wa kusimama, anayesimama apewe matunzo saa zote, safari zake zifupishwe, na zamu yake ipokewe kabla hajachoka kupita kiasi. Anayepokewa zamu hajashindwa, kwani kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.