Mtoto Anayechelewa Asifichwe

Wazazi Waislamu, mtoto ni amana. Akitimiza miezi 9 hajaweza kukaa peke yake, au miezi 18 hajatembea, au asipoitikia sauti, msingoje wala msimfiche kwa kuona haya. Mpelekeni kwa tabibu upesi. Kwani ubongo hukua kwa kasi mno katika miaka 3 ya mwanzo, na mazoezi ya viungo na ya kusema hufaa zaidi wakati huo. Dua haizuii matibabu. Mtakayofundishwa huko yarudieni nyumbani kila siku, katika kumwosha, kumlisha na kucheza naye. Wala baba asimwachie mama mzigo huo. Abdullahi bin Ummi Maktum alikuwa kipofu, na Mtume (S.A.W.) alimfanya mwadhini. Yeye hakufichwa, basi na mwana wenu asifichwe.