Mji Mdogo, Macho Mengi

Wenzangu wa Kisii hunicheka ati Nyamira kumelala. Si uongo. Ingawa ndiyo makao makuu ya kaunti tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, Nyamira bado ni mji mdogo kati ya mashamba ya chai na ndizi. Mvua ya jioni ikianza, hata makanga hunyamaza.

Lakini utulivu huo una macho. Siku moja nilitoroka shule. Kabla sijafika nyumbani, mama alikuwa keshaambiwa na watu watatu! Nilikasirika.

Baadaye mama akaugua usiku wa manane. Macho yale yale yakaona taa yetu inawaka. Majirani wakaja, wakambeba hadi hospitalini.

Je, mji uliolala ungeionaje taa?